Ovaroli la Fundi Mashoto

Hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa fundi wa chumba cha plasta, yule anayeachiwa mguu uliovunjika au mkono ulioteguka daktari akishamaliza maneno yake, na jina likamganda kama plasta yenyewe. Plasta alikuwa na mikono mizuri. Akishazungusha bandeji mbichi kwenye mkono wa mgonjwa, aliilainisha kwa kiganja, akairudia, akairudia tena, mpaka ikawa nyororo kama ganda la yai, huku foleni nje ikinung'unika.

"Plasta," daktari alikuwa akimwambia, "hiyo itakatwa na kutupwa jalalani. Yatosha."

"Bado kidogo, daktari."

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeombwa na binti yake amtengenezee nguo ya sinema.

Binti huyo alikuwa mwembamba tangu kuzaliwa, nyumbani wakamwita Njiti, na kwa ajili yake wazazi wakawa Baba Njiti na Mama Njiti. Alikuwa darasa la sita siku baba yake alipopita kwenye kibanda cha muuza filamu, kule stendi, akarudi na flashi yenye sinema iitwayo Lango la Zohali. Ndani yake chombo cha anga kinaharibikia mbali na dunia. Wakubwa wanagombana nani atoe amri, na wakati wao wanagombana, fundi wa chombo, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, anajipenyeza kwenye mabomba na kurekebisha kimoja baada ya kingine. Maandishi yote ya kwenye chombo ni ya lugha ya kubuni, vijiti na vitone tu, hakuna anayeweza kuyasoma.

Njiti alimpenda yule fundi kuliko wote. "Huyu hapigi kelele, baba. Anafanya." Tena fundi alikuwa mashoto, tochi yake ya kuchomelea aliishika kwa mkono wa kushoto siku zote, na kabla mwezi haujaisha Njiti naye akawa anapiga mswaki kwa mkono wa kushoto, dawa ya meno ikimfika hadi sikioni.

Katika mji wao, kila mwaka, ukumbi wa maktaba ulikuwa na onyesho la mavazi ya sinema. Watu walipanda jukwaani wamevaa kama wahusika, na majaji, picha mkononi, waliwalinganisha. Njiti akataka kwenda na ovaroli la fundi, bamba lake la kifuani lenye swichi, helmeti na tochi.

"Nitakutengenezea," baba alisema. "Lakini iwe yenyewe. Mtu akitazama skrini kisha akakutazama wewe, asijue aendelee kutazama wapi."

Hapo ndipo alipojitia kitanzi kwa mkono wake.

Kilichomtesa kwanza ni rangi. Alinunua ovaroli jeupe la wapaka rangi, akidhani kazi imekwisha kabla haijaanza. Lakini ovaroli la kwenye sinema halikuwa jeupe. Kwenye korido lilikuwa na ukijani. Kwenye chumba cha mitambo lilifanana na meno ya mvuta sigara. Mlango wa nje ukifunguka na mwanga kuingia, likawa la kijivu kama majivu ya juzi. Plasta alikuwa akisimamisha picha, anainuka na vipande vya kitambaa, anavibandika kwenye kioo cha televisheni kimoja kimoja.

"Baba Njiti," mkewe alimuuliza siku moja, mikono kiunoni, "hiyo televisheni unaipangusa au unaipima homa?"

Alilichovya ovaroli kwenye chai, likatoka kama shuka la wodini. Akalifua, akalitia rangi ya dukani, likatoka na mabaka. Akalifua tena. Mama Njiti, ambaye alikuwa karani wa posta na kutwa nzima alishughulika na vifurushi vya watu wasio na subira, alirudi nyumbani akakuta ndoo zote zina maji ya rangi na hakuna hata moja ya kuogea.

Kisha ikaja tochi. Plasta aliichonga kutoka kwenye ile sponji nyeupe ngumu inayokuja na friji mpya. Aliichonga vizuri ajabu, kwa kisu cha mboga na msasa, kila jioni, mpaka kila pete na kila tundu vikakaa mahali pake. Akaipeleka uani akaipulizia rangi ya fedha. Ikaanza kutoa sauti, kama mafuta yakianza kupata moto, halafu ikasinyaa mbele ya macho yake kama sukari kwenye chai, ikabaki fundo lenye mashimo. Rangi ilikuwa inaila. Hakuna aliyemwambia kwamba rangi ile hula sponji ile. Njiti alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Alisubiri baba yake ageuke upande wa pili ndipo akacheka.

Kioo cha helmeti alikipasha kwenye oveni ili kipinde, kikafanya malengelenge, na mikate ya nyumba ile ikanukia plastiki mpaka watoto wa jirani wakaacha kuja kuomba. Bamba la kifuani lilipasuka gundi ilipokauka. Swichi moja ilimshinda kabisa kuitambua, akazunguka kwa mafundi redio wote mpaka siku alipogundua, akiwa ameinama kupiga viatu rangi, kwamba ni kifuniko cha chupa ya dawa ya viatu. Alifurahi kama aliyeokota kito. Baadaye akagundua kwamba vifuniko vya siku hizi vimepunguzwa ukubwa.

Mambo mazuri yalikuwepo. Ili kupata umbo la helmeti na la bamba, alimkalisha Njiti kwenye kigoda uani, akamfunga bandeji za plasta zilizopitwa na muda, ambazo mkuu wa stoo alimruhusu azichukue. Njiti alikaa kimya kama sanamu, macho tu yakicheza, na plasta ilipokuwa inakauka baba alimsimulia habari za wagonjwa: yule aliyevunjika mguu akikimbia kumpokea mgeni aliyekuwa ameghairi safari, yule aliyeomba plasta yake ipakwe rangi ya timu ya mpira. Njiti alijizuia kucheka mpaka tumbo likamuuma, maana akicheka plasta ingepasuka.

Mwaka uliofuata walifika mlangoni kabisa. Asubuhi ya onyesho Njiti alikuwa amevaa kila kitu, buti miguuni, tochi mpya ya mbao mkono wa kushoto. Mama yake amefunga mlango wa nyuma, mkoba begani. Plasta akasema, "Ngoja," akaenda kuwasha televisheni.

Helmeti ya fundi ilikuwa na tuta jembamba lililopita utosini. Plasta alisimamisha picha, akatazama, akamtazama Njiti, akachukua futi. Tuta lake lilikuwa pana zaidi, kwa unene wa kidole.

"Hatuendi hivi," alisema.

"Baba, nani ataona?"

"Mimi naona."

"Baba Njiti," mkewe alisema taratibu, "mtoto kashavaa."

"Mwenda pole hajikwai. Mwakani tutakwenda na kitu cha maana."

"Hajikwai, ndiyo, kwa sababu hajatoka mlangoni. Na ngoja ngoja huumiza matumbo, hilo nalo hukulisikia ulipokuwa unajifunza la kwako?"

Njiti alivua helmeti, akaiweka mezani polepole, akaenda chumbani akivuta buti zile kubwa. Plasta aliichukua ile helmeti siku hiyo hiyo akaikata katikati.

Helmeti ya pili haikumridhisha. Ya tatu ilimridhisha. Ilipatikana mwaka ukiwa umezunguka, onyesho likiwa limekaribia na namba ya ushiriki imeshatolewa, na ilikuwa nzuri kweli. Tuta lilikuwa tuta, kioo cheusi hakikuwa na lengelenge hata moja, mistari miwili myekundu kwenye bega la kushoto ilikuwa imenyooka kama uzi. Alipanga vitu vyote juu ya kitanda, akamwita Njiti aje ajaribu.

Njiti alikuwa ameanza sekondari. Alikuja na sare, akavaa ovaroli juu ya fulana, akageuza mgongo ili baba afunge zipu, maana kwenye sinema zipu ilikuwa mgongoni. Zipu ilipanda mpaka kiunoni ikakataa. Mikono ya ovaroli iliishia karibu na viwiko. Miguuni vilionekana vifundo vyote na sehemu ya muundi. Helmeti ilimkalia juu ya kichwa kama kifuniko kilichopewa sufuria isiyo yake.

"Vuta pumzi ndani," baba alisema.

"Nimevuta."

"Inama mabega kidogo."

"Baba, siwezi kuvuta mifupa."

Plasta aliendelea kushikashika zipu, akiilazimisha juu, akiirudisha chini. Kila siku alikuwa anapima mifupa ya watoto wa wenzake. Alijua mtoto wa umri ule anarefuka kwa kasi gani, angeweza kumwambia mzazi yeyote bila kufikiri. Kwa wake hakuona.

"Mwaka jana lilinitosha," Njiti alisema. Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana lilimchoma. Kisha akaongeza, akitazama sakafu, "Na hata lingenitosha, baba, sijui kama ningekwenda. Darasa zima litakuwepo pale."

Alivua, akakunja ovaroli vizuri, akaenda kufanya kazi yake ya shule. Plasta alikaa kitandani katikati ya vile vitu. Alikuwa na hasira, na hasira ile haikupata pa kukaa. Hakuweza kumkasirikia mtoto kwa kukua. Hakuweza kumkasirikia mkewe, aliyekuwa amemwambia. Akaikasirikia zipu, akaipaka nta ya mshumaa, akaivuta juu na chini mpaka ikalegea meno.

Wakati huo mama mkwe alikuwa kwao. Alikuja kutolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia kwanza, la kushoto baadaye, na kati ya hapo akabaki. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti iliyonyooka, mpiga chapa mstaafu, ambaye vidole vyake hata sasa vilikuwa vikicheza juu ya meza alipokuwa anawaza. Plasta alimheshimu kama inavyopasa kumheshimu mkwe, yaani kwa umbali. Alimwamkia akiwa ameinamisha kichwa, hakukaa naye kiti kimoja, na alipotaka kumwambia jambo alipitia kwa mkewe hata kama wote watatu walikuwa mezani.

Siku mbili tatu baada ya ile ya zipu, Plasta alitoka zamu mchana akamkuta mama mkwe barazani anachambua mchele. Kichwani amevaa helmeti.

Helmeti ile hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Njiti mwenyewe aliigusa kwa glavu za pamba. Sasa ilikuwa juu ya kichwa cha mama mkwe, kioo kimeshushwa, na vidole vyenye vumbi la mchele vilikuwa vinaisogeza kila ilipomteleza kidogo. Angekuwa mtu mwingine, angemfokea. Lakini mkwe hafokewi. Plasta alisimama getini, mdomo wazi, akaingia ndani kupitia mlango wa nyuma.

"Mwambie mama," alimnong'oneza mkewe jikoni, "mwambie kwa heshima zote, ile helmeti."

"Miwani aliyopewa imevunjika mguu. Jua linamuumiza jicho. Amesema kioo chako ni kizuri kuliko cha hospitali."

"Inamtosha?"

Swali lilimtoka mwenyewe kabla hajalipima. Mama Njiti alimtazama mumewe, akachungulia dirishani, akamtazama tena.

"Inamtosha," alisema polepole. "Usiniambie unawaza hilo ninaloliona unawaza."

Plasta hakuwa anawaza kitu, angeapa. Aliyewaza ni mama mkwe mwenyewe. Alisikia yote kupitia dirisha, maana macho ndiyo yaliyokuwa mabovu, masikio yalikuwa mazima. Jioni, mezani, alitangaza. Namba imeshatolewa, nguo ipo, mtoto imemkataa, na yeye kutwa nzima anakaa barazani kama mtungi. "Kwani imeandikwa wapi kwamba anayevaa ni mtoto?"

"Bibi," Njiti alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile macho yake yalichangamka, "utapanda jukwaani?"

"Nimepanda vitu virefu kuliko jukwaa."

Plasta alitazama sahani yake. Fundi wa Lango la Zohali hakuwa bibi. Hakuwa na mwendo ule wa kuyumba, wala kifua kile. Lakini ovaroli lililala mle ndani kama maiti, na onyesho lilikuwa Jumamosi.

Kumpima mama mkwe ilikuwa adhabu ya peke yake. Plasta alisimama sebuleni akitazama ukuta, mama mkwe akiwa chumbani mlango wazi nusu, na Mama Njiti katikati akibeba maneno.

"Mwambie mama ainue mkono wa kushoto."

"Mama, inua mkono wa kushoto."

"Nimesikia, nimeinua."

"Umekaza kwapani?"

"Anauliza, umekaza kwapani?"

"Mwambie umekaza kwapani, umekaza tumboni, na mwenye kushona hajawahi kumwona mwanamke aliyezaa watoto wanane."

Njiti alikuwa amelala kwenye kochi, mto usoni, mabega yakitetemeka. Plasta alifumua pembeni, akaongeza vipande vya kitambaa vilivyobaki, ambavyo havikulingana rangi, maana mabaka yale hakuweza kuyarudia hata angetaka. Kila kipande alichoongeza kilimuuma kama anatoboa mfuko wake. Kuhusu buti, mama mkwe alijaribu moja, akalivua, akalisogeza kwa kidole cha mguu. Angevaa raba zake za bluu. Vidole vyake vilikuwa na historia yake, alisema, na buti halikuijua.

"Fundi havai raba za bluu," Plasta aliuambia ukuta.

"Huyu anavaa," ukuta ulijibiwa.

Jumamosi ukumbi wa maktaba ulijaa. Kulikuwa na wafalme wa sayari, wanajeshi wa mabati, kiumbe mmoja mwenye mikono mingi aliyekwama mlangoni. Zamu yao ilipofika, Njiti alimshika bibi yake mkono akampandisha ngazi, maana kwa kioo kile na jicho lile hakuona kitu. Darasa zima lilikuwepo, na lilimwona. Njiti hakuuachia mkono.

Mtangazaji akasogeza kipaza sauti. "Tuambie, mama, wewe ni nani?"

Mama mkwe hakuwahi kuiona ile sinema hata mara moja. "Mimi ni fundi," alisema kwa sauti yake iliyonyooka. "Nimeambiwa kuna kitu kimeharibika."

Ukumbi ulicheka, kisha ukapiga makofi, na makofi yakaendelea. Mama mkwe akainua tochi, akainama kidogo kama anatafuta hitilafu kwenye meza ya majaji, makofi yakazidi. Plasta, aliyesimama kando ya pazia, hakusikia sana. Alikuwa anaziona raba. Zilikuwa za bluu kuliko kitu chochote mle ukumbini.

Baadaye jaji mkuu, kijana mwenye miwani na rundo la picha, alimfuata nyuma ya jukwaa. Mama mkwe akiwa bado amevaa nguo, jaji aligusa bamba kwa ncha ya kidole, akatazama mishono, akainama kuangalia ile swichi ya kifuniko cha dawa ya viatu.

"Hata hiki umekipata," alisema. "Wengi wanaweka kitufe cha redio. Kazi hii umeifanya peke yako?"

"Peke yangu." Plasta alihisi shingo yake ikirefuka, huku Mama Njiti akimpeleka mama yake koridoni kubadili nguo.

"Nina swali moja tu. Kwa nini umeigeuza?"

"Nimegeuza nini?"

"Kila kitu." Jaji alichomoa picha. "Mistari myekundu iko bega la kulia. Hii safu ya swichi iko upande huu, na bomba la hewa linatokea huku. Na fundi si mashoto. Nilidhani mna maana yenu."

Plasta aliichukua picha. Ilikuwa safi, ya karatasi nzuri, na fundi alikuwa amesimama kwenye korido ile aliyoijua kuliko korido ya hospitali, mistari ikiwa bega la kulia, tochi mkono wa kulia.

"Hii picha yenu imepinduliwa," alisema.

"Hapana, mzee wangu." Kijana alishusha sauti, kama mtu anayempa mwenzake habari za msiba. "Zipo nakala za mitaani. Wanaipindua picha yote, kulia inakuwa kushoto, kama kwenye kioo, ili wenye filamu wasiitambue upesi. Sinema ikiwa na maandishi ya kawaida utagundua. Lakini kwenye hii maandishi yake hayasomeki."

Plasta aliitazama picha tena. Helmeti tatu. Tuta. Vipande vya vitambaa kwenye televisheni. Mtoto aliyejifunza kupiga mswaki kwa mkono usio wake. Miaka yote ile alikuwa anainakili kwa uaminifu sura ya kwenye kioo, na mwaka uliopita alimzuia mtoto mlangoni kwa ajili ya unene wa kidole. Ndipo aliposikia jina lake likiitwa kutoka koridoni.

"Baba Njiti. Njoo upesi."

Zipu ilikuwa imekwama. Yale meno aliyoyalegeza siku ya hasira yalikuwa yameuma kitambaa cha ndani, juu kabisa karibu na shingo, na mkanda wa bamba ulipita hapo hapo. Mama Njiti alikuwa amevuta mpaka kucha imekatika.

"Mwambie mama asubiri kidogo," Plasta alisema, akitazama pembeni. "Nikitafuta mafuta, itateremka. Tusiichane."

"Mama hasubiri," mkewe alisema kwa meno. "Mama amekunywa maji asubuhi nzima, na anataka kwenda msalani. Sasa hivi."

Kwenye begi kulikuwa na mkasi wake wa kukatia plasta, aliotembea nao kwa kazi zote. Alimpa mkewe. Mkewe aliusogeza shingoni kwa mama yake, akaurudisha. Kitambaa kilikuwa kimekaza juu ya ngozi. Alisimama ameushika mkasi kati yao wote, na Plasta alisimama akitazama ukuta.

"Wewe," mama mkwe alisema. Hakupitia kwa mtu. "Kule kazini, mgonjwa akija, huwa unauliza kwanza ni mkwe wa nani?"

"Hapana, mama."

"Basi kata, mwanangu. La sivyo utaniaibisha mbele ya watu hawa wa mabati."

Plasta alichukua mkasi. Alipenyeza ncha yake butu chini ya ukosi, kidole chake cha pili kikitangulia juu ya ngozi kama alivyofanya kila siku ya Mungu, akakata. Ukosi uliachia. Akakata mkanda wa bamba, akakata mgongo wote kando ya zipu, akateremka mpaka kiunoni bila kusimama, na swichi moja ikadondoka ikabingirika chini ya benchi. Mama mkwe akatoka kwenye ovaroli kama njugu kwenye ganda, amebaki na gauni lake jepesi; Mama Njiti akamtupia kanga ya mabegani, wakaondoka wote wawili kwa mwendo ambao hakuna fundi wa anga aliyewahi kuutembea.

Njiti aliinama akaitoa swichi chini ya benchi. Akakaa karibu na baba yake.

"Nimemsikia yule jaji," alisema.

"Ulimsikia."

"Kwa hiyo mimi si mashoto."

"Hukuwahi kuwa mashoto." Plasta aliufunga mkasi, akaufungua. "Mwaka jana ningekuacha uende."

"Ndiyo, ungeniacha."

Hakumwambia kwamba si neno, wala hakumwambia kwamba amesamehe. Aliigeuzageuza swichi kiganjani. Kisha akasema, "Lakini zile siku za plasta, uani, ukinisimulia wale wagonjwa. Zile nilizipenda."

Hawakushinda kitu. Kiumbe mwenye mikono mingi ndiye aliyeshinda, na Plasta aliona kutoka mbali kwamba mikono mitatu ilikuwa imebandikwa ovyo.

Jumatatu, kabla ya zamu, alipita stendi. Muuza filamu alikuwa anafungua kibanda chake, akipangusa vumbi. Plasta alimweleza yote, kwa kirefu, sauti ikimpanda: nakala, kioo, mistari, miaka. Muuzaji alimsikiliza mpaka mwisho, kitambaa begani.

"Picha ilikuwa inaonekana?" aliuliza.

"Ilikuwa inaonekana."

"Na sauti?"

"Ilisikika."

"Sasa?"

Plasta alitafuta jibu pale pale kibandani, akaendelea kulitafuta njiani, na akalitafuta mpaka alipofunga plasta ya mgonjwa wa kwanza, ambayo daktari aliipita bila kusema neno, maana kwa mara ya kwanza ilikuwa na mikunjo.

Jicho la kushoto la mama mkwe lilipopona, alifunga mizigo ya kurudi kwake. Siku ya kuondoka aliuliza lile ovaroli liko wapi. Ni zuri kwa shambani, alisema, lina mifuko na mchanga hauingii. Ila waishone zipu mbele, kama watu.

"Kwenye sinema iko nyuma," Plasta alisema. Alimwambia mwenyewe, moja kwa moja.

"Sinema haina mgongo wangu."

Njiti ndiye aliyeishona zipu, kwa mkono wa kulia, barazani, bibi yake akimkosoa kila pindo. Ilitoka imepinda kidogo karibu na kitovu. Plasta aliiona tangu mlangoni. Mkono wake ulianza kwenda kwenye sindano, akauingiza mfukoni, akaenda kubeba mizigo.